Kikombe cha Abel na Mpaka wa Moto

Katika miaka ya 1860, wasafisha mafuta wa Pennsylvania na Ohio walikuwa na bidhaa moja ya kuuza na taka moja ya kutupa. Bidhaa ilikuwa mafuta ya taa, ambayo wakati huo yalikuwa yakiyafukuza sokoni mafuta ya nyangumi. Taka ilikuwa nafta, ile sehemu nyepesi inayotangulia kutoka pale mafuta ghafi yanapochemshwa. Motokaa zilikuwa hazijaja, kwa hiyo nafta haikuwa na mteja wa maana. Nyingine ilichomwa, nyingine ikamwagwa mitoni, na nyingine, kwa ujanja wa watu wasiopenda hasara, ikarudishwa kimyakimya ndani ya pipa la mafuta ya taa.

Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua. Mchanganyiko ulikuwa mwangavu vilevile, na taa iliwaka bila kigugumizi. Balaa lilikaa ndani ya tumbo la taa, juu ya mafuta, ambako mvuke wa nafta ulijikusanya na kuchanganyika na hewa. Utambi ukilegea au taa ikitikiswa, moto ulishuka chini na taa ikalipuka mikononi mwa aliyeibeba. Mwishoni mwa muongo huo bodi ya afya ya New York ilimpa profesa wa kemia, Charles Chandler, kazi ya kupima mafuta yaliyouzwa madukani. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya sampuli zake haikufaa kuingizwa ndani ya nyumba ya mtu.

Afrika Mashariki inaujua mchezo huu kwa upande wake wa pili. Huku mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa na bei nafuu, kwa kuwa serikali ziliyatoza kodi ndogo kwa ajili ya wanyonge, basi yakaingizwa kwenye dizeli na petroli. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua ife. Kenya ilifanya hesabu hiyohiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Mchakachuaji hana mapenzi na kimiminika chochote. Anafuata bei.

Marekani ilijaribu sheria mapema. Tarehe 2 Machi 1867 Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku kuchanganya nafta na mafuta ya taa, na pia kuuza mafuta ya taa yanayowaka chini ya nyuzi 110 za Farenhaiti, yaani nyuzi joto 43 za Selsiasi. Mfanyabiashara mmoja wa Detroit, Dewitt, akashtakiwa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1870 majaji wakasema kwamba ulinzi wa namna hiyo ni kazi ya kila jimbo, si ya Bunge la taifa. Sheria ikafa. Kila jimbo likabaki na mkaguzi wake, kipimo chake na namba yake.

Hizo namba ndizo zenye hadithi. Petroli, nafta, tapentaini ya dukani, mafuta ya taa na dizeli vyote ni ndugu wa ukoo mmoja wa haidrokaboni, na asili haikuchora mstari kati yao. Kinachowaka si kimiminika chenyewe bali mvuke ulioko juu yake. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke unavyozidi, mpaka inafika hatua ambapo cheche ikipita juu yake, unashika. Kwa viyeyushi vya rangi inatosha mvuke usiofika hata asilimia 1 ya hewa. Joto la chini kabisa ambalo hilo linawezekana ndilo joto la kushika moto. Kwa petroli ni karibu nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa mafuta ya taa ni 38 na kuendelea, kwa dizeli ni zaidi ya 50. Katikati ya mteremko huo ilibidi mtu asimame na kusema: kuanzia hapa ni hatari, kutoka pale kwenda juu tutavumilia.

Uingereza ilisema hivyo mwaka 1862, ikataja nyuzi 100 za Farenhaiti. Kipimo chake kilikuwa kikombe kilicho wazi: mafuta yanapashwa moto taratibu na kimoto kidogo kinapitishwa juu yake. Tatizo la kikombe cha wazi ni kwamba hakina siri. Mlango ukifunguliwa, mvuke unapeperuka. Mpimaji akipumua karibu, jibu linabadilika. Mafuta yaleyale yaliweza kufaulu asubuhi na kufeli mchana, au kufaulu mbele ya mkemia wa muuzaji na kufeli mbele ya mkemia wa serikali, na mahakama zikachoka kusikiliza wataalamu wakibishana.

Kazi ya kupata kipimo cha haki akapewa Frederick Abel, mkemia wa Wizara ya Vita. Alikuwa mtu wa baruti. Mwaka 1889 yeye na James Dewar wangetengeneza kodaiti, baruti isiyo na moshi, na Alfred Nobel angewashtaki wahusika kwa madai kwamba wameiga ya kwake, kisha angeshindwa. Lakini kwa watu wa mafuta jina la Abel limebaki kwa sababu ya kikombe.

Kilikuwa kikombe kidogo cha shaba ya njano chenye kifuniko, kimeketishwa ndani ya chombo cha maji ya moto, na nafasi ya hewa kati yao ili joto lisiingie kwa pupa. Juu ya kifuniko palikuwa na kipimajoto, na kidirisha cha kuteleza, na kimoto cha ukubwa wa ushanga. Sheria ya mwaka 1879 ilieleza matumizi yake kama mtu anayemfundisha mwanafunzi asiyeaminika. Anza kujaribu mafuta yakifika nyuzi 66 za Farenhaiti. Rudia kila yanapopanda nyuzi 1. Ning'iniza pendulamu ya futi 2 karibu na chombo. Vuta kidirisha polepole wakati pendulamu inapobembea mara tatu, na ukifunge katika mbembeo wa nne. Kidirisha kikifunguka, kimoto kinainama ndani ya kikombe. Mvuke ukiwa haujatosha, hakuna kitu. Ukiwa umetosha, mwali wa buluu unapita juu ya mafuta na kuzimika, na mpimaji anasoma kipimajoto.

Kikombe kilichofunikwa hakiupotezi mvuke, kwa hiyo mafuta yaliyoshika kwa nyuzi 100 katika kikombe cha wazi yalishika mapema zaidi katika kile cha Abel, kwa tofauti ya nyuzi 27 hivi. Wabunge wakatoa 27 kwenye 100 wakapata 73. Hapo ndipo ilipotoka. Nyuzi 73 za Farenhaiti ni karibu 23 za Selsiasi, na namba hiyo haikutokana na uchunguzi mpya wa taa ngapi zinalipuka na kwa nini. Ilikuwa ni tafsiri ya namba ya zamani kwa lugha ya chombo kipya, ili asiwepo mfanyabiashara atakayelalamika kwamba mzigo wake wa jana umekuwa haramu leo.

Wengine waliona kwamba ni ndogo mno. London wakati wa kiangazi hufika nyuzi 23 bila taabu, na mafuta ndani ya taa inayowaka hupata joto kuliko chumba. Kati ya 1894 na 1898 kamati ya Bunge ilisikiliza mashahidi, na mwishowe ikapendekeza mpaka upandishwe hadi nyuzi 100 za Farenhaiti kwa kikombe hichohicho cha Abel. Wenye viwanda vya mafuta ya mawe kule Scotland, biashara iliyoanzishwa na James Young tangu miaka ya 1850, waliunga mkono kwa moyo mmoja. Mafuta yao yangepita. Mafuta mengi ya bei rahisi kutoka Marekani yasingepita. Mwaka 1899 muswada ukaletwa bungeni, ukaangushwa. Ni vigumu kusoma kumbukumbu za mvutano ule bila kuona kwamba pande zote mbili zilizungumza habari za wajane na watoto walioungua huku jicho moja likiwa kwenye bei ya galoni.

Wajerumani nao walichukua kikombe cha Abel, wakakiongezea mtambo wa saa uliobuniwa na Pensky ili mkono wa mpimaji usiingilie, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakaweka mpaka wao kwenye nyuzi 21 za Selsiasi. Namba hiyo iliishi sana. Hadi mwanzoni mwa karne ya 21, kopo la kiyeyushi katika nchi za Umoja wa Ulaya lilihesabiwa kuwa la kuwaka upesi likiwa chini ya nyuzi 21, na la kuwaka kawaida likiwa kati ya 21 na 55.

Kikombe kilipopelekwa kwenye nchi za joto kikaanza kutoa majibu ya ajabu. India ilitunga sheria yake ya petroli mwaka 1881 na kukikubali kipimo cha Abel. Muda si mrefu, shehena zilizokuwa zimepimwa New York na kufaulu zikafika bandari za India na kufeli. Abel alishirikiana na Boverton Redwood kutafuta sababu, na sababu ilikuwa joto la mahali. Mafuta yaliyomiminwa kikombeni yakiwa tayari na joto la mchana wa pwani hayakutoa jibu sawa na yale yaliyoanza yakiwa baridi. Dawa ikawa kuyapoza mafuta na chombo kwanza, ndipo kipimo kianze. Baadaye sheria za India zikatumia nyuzi 76 za Farenhaiti, tatu tu juu ya zile za London.

Angalia kilichofanyika hapo. Kipimo kilirekebishwa ili kivumilie joto la Bombay; mpaka wenyewe ulisogezwa kwa unywele. Mafuta yakapozwa ndani ya maabara ili yafanane na mafuta ya Uingereza, kisha yakarudishwa kwenye ghala la bati ambako hakuna aliyeyapoza. Meli zilizobeba shehena za namna hiyo, madebe mawili mawili ndani ya kasha la mbao, ndizo zilizofika pia Zanzibar na bandari za pwani, na debe tupu likaanza maisha yake mapya ya kupimia mahindi, kutekea maji na kutengenezewa koroboi.

Wakati mabunge yanagombania taa, kulikuwa na kazi nyingine iliyokuwa inaungua bila kelele kubwa. Ni kazi ya kufua nguo bila maji, ile inayofanywa leo na drai klina.

Mwanzo wake una giza. Tarehe 3 Machi 1821 fundi cherehani wa New York, Thomas Jennings, alipewa hataza ya njia ya kusafisha nguo bila kuzifua kwa maji. Ndiye Mwamerika Mweusi wa kwanza anayejulikana kupata hataza. Njia yenyewe ilikuwa ipi haisomeki tena, maana ofisi ya hataza iliteketea Desemba 1836 na karatasi zake zikaenda na moto. Ufaransa nayo ina simulizi yake: mtumishi wa nyumba ya Jolly, mpaka rangi wa vitambaa wa Paris, alipindua taa juu ya kitambaa cha meza, na pale mafuta yalipomwagika pakawa safi kuliko kwingine. Simulizi hiyo ina matoleo mengi kiasi kwamba afadhali ichukuliwe kama hadithi. Lisilo na shaka ni kwamba kufikia nusu ya pili ya karne ya 19 Paris, Berlin na miji ya Uingereza ilikuwa na viwanda vilivyochovya magauni ya hariri na suti za sufi ndani ya mapipa ya tapentaini, kisha ya benzini, yaani ile nafta isiyokuwa na mteja.

Benzini ilipendwa kwa sababu zilezile zilizoifanya iogopwe. Inayeyusha grisi bila kugusa rangi ya kitambaa, haikunji sufi, na inakauka upesi. Inakauka upesi kwa kuwa inageuka mvuke upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi dirishani. Unateleza sakafuni, unapita chini ya mlango, unatafuta jiko la chumba cha pili.

Moto ulizuka hata palipokuwa hapana jiko. Mfanyakazi alitoa kitambaa cha sufi ndani ya pipa, akakikung'uta au kukivuta tu, na pipa likalipuka. Hakukuwa na kiberiti wala taa karibu. Wenye viwanda waliwashuku wafanyakazi kwamba wanavuta sigara kwa kificho, na inawezekana wapo waliofukuzwa kazi kwa kosa hilo. Mkemia Mjerumani M. M. Richter ndiye aliyeufuatilia mkasa huu kwa subira, akachapisha kitabu kuhusu moto wa benzini katika viwanda vya kufulia mwaka 1893. Aliona kwamba ajali ziliongezeka siku za baridi kavu. Sufi ikisuguana na benzini, umemetuamo hujikusanya, na kwa kuwa benzini haipitishi umeme, chaji haina pa kukimbilia. Siku yenye unyevu, hewa huupunguza. Siku kavu hujijaza mpaka inaruka kama cheche, na cheche inakuta mvuke unasubiri.

Dawa ya Richter ilikuwa sabuni ya magnesi inayoyeyuka ndani ya benzini. Kiasi kidogo sana kilitosha kuifanya ipitishe umeme na chaji ikatoroka bila kuruka. Kwa maneno ya leo, alikuwa amegundua kwa nini lori la mafuta huunganishwa kwa waya na ardhi kabla halijaanza kushusha, na kwa nini haifai kujaza petroli kwenye dumu la plastiki likiwa limekaa juu ya zulia la gari.

Hata hivyo sabuni haikubadilisha kitu kimoja. Benzini ilikuwa bado na uwezo wa kushika moto katika chumba chochote kinachokalika na binadamu. Miji mingi ya Marekani ikawafukuzia madobi hao pembezoni. Duka la kupokelea suti lilikuwa mjini, na mtambo nje ya mji, ambako ungelipuka bila kuondoka na mtaa mzima.

Mwenye duka mmoja wa Atlanta, W. J. Stoddard, aliamua kwamba kosa liko kwenye kimiminika na wala si kwa wafanyakazi. Mwaka 1924 alishirikiana na Lloyd Jackson wa taasisi ya utafiti ya Mellon, Pittsburgh, kutafuta mafuta yaliyo katikati ya petroli na mafuta ya taa: yasiwe mepesi mno yakashika moto, wala mazito mno yakaacha harufu kwenye koti. Walichofanya kina uzuri wake. Hawakuuliza kwanza ni kiyeyushi gani kinachosafisha vizuri zaidi. Waliuliza mstari wa sheria uko wapi, kisha wakakata kipande cha mafuta ghafi kinachoangukia upande wake salama.

Mstari wa Marekani ulikuwa nyuzi 100 za Farenhaiti, yaani 38 za Selsiasi. Watu wa zimamoto na bima waliuchagua kwa kuwa waliuona kama kilele cha joto ambalo chumba cha kawaida kinaweza kufikia pasipo kupashwa. Mwaka 1928 wizara ya biashara ya Marekani ikachapisha viwango vya kiyeyushi kipya: kisishike moto chini ya nyuzi 100, na kiwe kimekwisha kuchemka chote kabla ya nyuzi 410, ili nguo ikauke isinuke. Mafuta hayo yakaitwa kiyeyushi cha Stoddard, na madobi wakarudi mjini. Kwa miaka 30 hivi ndicho kilichotawala kazi hiyo Marekani. Uingereza na makoloni yake walikijua ndugu yake kwa jina la spiriti nyeupe, na katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Afrika Mashariki kinauzwa hadi leo kwa jina la kuazima la tapentaini, ingawa hakijapata kuuona msonobari.

Kisha madobi wakachoka na moto kabisa. Wakahamia kwenye kiyeyushi chenye klorini, pakloroethilini, ambacho hakiwaki hata ukikichokoza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kikaenea kila mahali. Mashine ikakaa chini ya ghorofa za watu na mwenye bima akalala usingizi. Deni lake likaja taratibu, kwenye maji ya ardhini na kwenye miili. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. California iliamua mwaka 2007 kukiondoa hatua kwa hatua hadi 2023, na Desemba 2024 serikali ya shirikisho ya Marekani ikaweka kanuni ya kukimaliza katika udobi ndani ya miaka 10. Sehemu ya madobi wamerudi kwa haidrokaboni, safari hii zilizokatwa juu zaidi, zinazoshika moto baada ya nyuzi 60 za Selsiasi, ndani ya mashine iliyofungwa isiyoruhusu joto lake kukaribia hapo.

Mipaka hii yote ilikutana mezani. Umoja wa Mataifa ulianza kutoa mapendekezo ya usafirishaji wa bidhaa za hatari mwaka 1956, na mwaka 2003 ukatoa mfumo mmoja wa dunia wa kuainisha na kuwekea kemikali lebo. Kimiminika kinachoshika moto chini ya nyuzi 23 kimo katika makundi mawili ya juu. Kundi la tatu ni kuanzia 23 hadi 60, la nne ni hadi 93. Namba hizo zinaonekana za Selsiasi, lakini ukizigeuza zinavua kanzu: 73, 140 na 200 za Farenhaiti. Kikombe cha Abel bado kimo ndani yake. Mpaka wa Stoddard wa nyuzi 38 umeachwa nje, na matokeo yake ni ya kuchekesha kidogo. Spiriti nyeupe inayoshika moto kwa nyuzi 40, kwenye lebo ya mfumo wa dunia, imo katika kundi moja na kitu kinachoshika kwa 24. Kwenye kanuni za zimamoto za Marekani imo daraja moja na dizeli.

Barabarani mpaka huo husomwa kwa tarakimu. Kwenye mabango ya rangi ya chungwa ya magari ya mafuta, 33 maana yake ni kimiminika kinachoshika moto chini ya nyuzi 23, na 30 ni kinachoshika kati ya 23 na 60. Petroli ni 33 juu na 1203 chini. Mafuta ya taa ni 30 juu na 1223 chini. Lori la petroli likipinduka hakuna saa ya siku, wala msimu, wala mwinuko wa nchi ambao mvuke wake haujatosha. Malori yalipopinduka Sachangwan, Kenya, mwaka 2009 na Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu waliokwenda kuchota petroli walikuwa wamesimama ndani ya kitu kilichokwisha kuvuka joto lake la kushika moto tangu kilipotoka kiwandani. Zaidi ya 100 walikufa katika kila mkasa.

Kwa lenye 30 mambo yanategemea mahali, na hapa ndipo kikombe cha London kinapoliachia jukwaa jua la Dar es Salaam. Kiyeyushi kinachoshika moto kwa nyuzi 28 ni salama kiasi chake katika karakana ya Scotland. Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari, hewa ya kivulini hufika 32, na kiyeyushi hichohicho kimekuwa na tabia ya petroli bila lebo kubadilika. Hata spiriti nyeupe, yenye nyuzi zake 38 au 40, haina nafasi kubwa ya kupumua chini ya bati, na pipa la chuma lililoachwa juani mchana kutwa halifuati joto la kivulini. Fundi seremala anayefungua pipa hilo saa nane mchana amevuka mpaka ambao Stoddard aliuona wa kutosha kwa Atlanta.

Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya Tanzania, Namba 3 ya mwaka 2003, iliweka usimamizi wake chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwenye karakana anatakiwa kuwa na karatasi ya usalama ya kiyeyushi anachotumia. Karatasi ya namna hiyo ina vifungu 16. Joto la kushika moto limo katika kifungu cha 9, pamoja na jina la kipimo, kikombe cha kufunikwa au cha wazi, na mwenye kusoma asiruke neno hilo, maana Abel alionyesha kwamba vikombe hivyo viwili vinaweza kupishana kwa nyuzi 27 za Farenhaiti. Vifungu vya katikati vina yale ambayo Richter angeyatambua: hifadhi penye hewa inayopita hata chini karibu na sakafu, unganisha chombo na ardhi unapomimina, tumia chombo cha chuma chenye mfuniko. Moto ukizuka, maji ya ndoo hayasaidii, kwa kuwa kiyeyushi huelea juu yake na kusafiri nayo. Povu au unga wa kizimamoto ndio kazi yake, na kwa moto mdogo, mchanga.

Joto la kushika moto halisemi lolote kuhusu mwili. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Denmark na Sweden walifuatilia wapaka rangi waliovuta mvuke wa spiriti nyeupe kwa miaka mingi, na ugonjwa wao wa kusahau, kuchoka na kukosa utulivu ukawa mojawapo ya sababu za nchi hizo kuhamia rangi za maji. Halafu kuna hatari ya dakika moja, iliyoandikwa kwenye lebo kwa alama H304: kikimezwa na kuingia njia ya hewa kinaweza kuua. Mafuta haya ni mepesi na hayanati. Yakifika kooni hupenya mapafuni kuliko maji yanavyoweza. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatakiwi kutapishwa wala kunyweshwa maziwa ili atapike. Kinachoua mara nyingi ni yale yanayorudi juu, na la kufanya ni kumkimbiza hospitalini.

Ulaya ililishughulikia hilo kwenye chupa. Mafuta ya taa za mapambo yenye alama hiyo yalipigwa marufuku kutiwa rangi au manukato, ili yasimvute mtoto, na tangu tarehe 1 Desemba 2010 huuzwa rejareja katika chombo cheusi kisichopitisha mwanga, kisichozidi lita 1, chenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Katika maduka mengi ya mitaani ya Afrika Mashariki bado yanapimwa kwa kikopo na kutiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa iliyoletwa na mnunuzi, mara nyingi mtoto aliyetumwa na mama yake.